Wakala alinisifu, akanipeleka kwa mwajiri, kisha kimya. Huko ndani hutokea nini?

#1 Hesabu_Umoja
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mhasibu, CPA nimemaliza, na nimefanya kazi miaka kadhaa katika kampuni ya mizigo Mombasa Road, Nairobi. Mkataba uliisha mwaka huu, sasa natafuta.

Wanaonichanganya ni mawakala wa kazi. Mmoja mwenye ofisi Westlands alinipata LinkedIn, akanipigia simu na kunisifu sana. Akaomba CV, vyeti na hati yangu ya mwisho ya mshahara. Akanipeleka kwa mwajiri. Kwa nilivyoona mimi mahojiano yalienda vizuri, maana mkuu wa fedha mwenyewe alinisindikiza hadi kwenye lifti akiniuliza naweza kuanza lini. Tangu hapo wakala hashiki simu. WhatsApp naona tiki za buluu, jibu hakuna. Wiki zinapita.

Nina maswali mawili. Huko ndani hutokea nini? Na je, kuna namna ya kufanya kazi na hawa watu ukafaidika, au niachane nao nitume maombi yangu moja kwa moja kwa kampuni?

#2 Upepo_Rongai
Pole dada. Nafasi haikuwepo. Kuna mawakala wanaokusanya CV ili wakienda kuomba zabuni kwa kampuni kubwa waonyeshe wana wahasibu wangapi mkononi. CV yako imeshafanya kazi yake.

#3 ChaiYaSaaKumi
Upepo, soma tena #1. Amehojiwa na mkuu wa fedha wa kampuni. Mtu hawezi kukaa saa nzima akiuliza maswali ya hesabu kwa nafasi ambayo haipo. Nafasi ilikuwepo, ila pengine mtu wa ndani alishapangiwa na mahojiano yakafanywa ili faili ionekane imefuata utaratibu.

#4 Upepo_Rongai
Chai, umekubali tu kwa njia ndefu. Nafasi yenye mwenyewe ni sawa na nafasi isiyokuwepo.

#5 Wakala_Kilimani
Nimefanya kazi ya kuzitafutia kampuni watu kwa miaka mingi, na sasa niko upande wa mwajiri, katika ofisi ya HR. Niruhusuni niandike kirefu kidogo, kwa sababu watu wengi wanaumia kwa kutojua nani anamlipa nani.

Wakala halipwi na wewe. Hulipwa na mwajiri, na mara nyingi hulipwa tu mtu akishaanza kazi. Kampuni nyingine hulipa kiasi cha mshahara wa mwezi mmoja, nyingine hulipa asilimia ya mshahara wa mwaka. Na bado kuna dhamana: mtu akiondoka mapema, tuseme ndani ya miezi mitatu, wakala humtafuta mwingine bila malipo mapya. Sasa fikiria mwajiri huyohuyo amewapa mawakala watatu nafasi hiyohiyo. Wawili kati yao watafanya kazi ya bure.

Kwa hiyo, dada Hesabu, mawazo ya wakala yako kwenye nafasi aliyopewa na mwenye nafasi. Hakukupigia simu kwa kuwa anakutafutia wewe kazi. Alikupigia kwa kuwa ulifanana na karatasi aliyokuwa ameshika mkononi. Karatasi ikibadilika, simu zinapungua. Ni kama dalali wa nyumba: mwenye nyumba ndiye mteja wake, hata kama anayezungushwa Donholm hadi Kileleshwa ni wewe.

Kuhusu kimya, kwa niliyoyaona mara nyingi chanzo ni kimoja. Mwajiri amempa mtu wa kwanza barua ya ajira na anasubiri atie sahihi. Wewe ni wa pili. Wakala hawezi kukwambia umekosa, maana wa kwanza akikataa atakuhitaji kesho asubuhi. Hawezi kukwambia umepata pia. Kwa hiyo ananyamaza. Ni tabia mbaya, siitetei, lakini si lazima iwe na njama ndani yake.

Kuhusu kuachana nao: usiachane nao, ila usiwategemee peke yao.

#6 Binti_Ngara
Asante Wakala, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Swali: kwa nini basi asiseme tu "bado wanaamua"? Ni maneno mawili.

#7 Wakala_Kilimani
Binti, wazuri husema. Wengine wana nafasi ishirini mezani na kila moja ina watu wake. Ukitaka jibu, mrahisishie. Usiandike "kuna habari gani?" Andika ujumbe anaoweza kuujibu kwa neno moja: "Habari, ni mimi mhasibu wa nafasi ya ripoti za kodi. Je, mwajiri ameshampa mtu barua, ndiyo au bado?" Mtumie siku moja baada ya mahojiano, kisha mara moja kwa wiki, siyo kila asubuhi.

Na muulize kabla ya kutoka ofisini kwake au kukata simu: "Uamuzi unatarajiwa lini, na nani anautoa?" Ukishapewa tarehe, kupiga simu baada ya tarehe hiyo si usumbufu tena.

#8 StimaYaJua
Nina maelezo tofauti na ya Wakala, na haya yalinipata mimi. Mimi ni fundi wa mifumo ya sola. Wakala wa kwanza alinieleza kuhusu kampuni iliyoko Industrial Area, akapeleka CV. Baadaye wakala mwingine akanipigia kuhusu "mteja mkubwa wa nishati" bila kutaja jina. Nikasema sawa, peleka. Alikuwa mwajiri yuleyule. CV yangu ikafika mezani mara mbili kutoka kwa watu wawili, kila mmoja akidai mimi ni wake. Kampuni ikaniweka kando kabisa ili isiingizwe kwenye mgogoro wa nani alipwe. Nililijua hilo kupitia rafiki anayefanya kazi mle ndani, mawakala wote wawili walinyamaza.

Hesabu, je, ulituma CV kwa wakala mwingine kipindi hichohicho? Au uliituma mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni?

#9 Hesabu_Umoja
Kaka Stima umenishtua. Kuna wakala mwingine wa Upper Hill aliyeniambia ana "kampuni ya bidhaa za nyumbani" inayotafuta mhasibu. Hakutaja jina. Nilimkubalia.

#10 StimaYaJua
Basi muulize leo. Tangu siku ile sheria yangu ni moja: hakuna CV inayoondoka kwangu bila kujua jina la kampuni. Wakala akisema ni siri, namwambia, "Nitaje mimi kampuni ambazo nimeshapelekwa, wewe niambie tu kama ni mojawapo." Anayekataa hata hilo, namwacha aende. Na nina daftari: kampuni, nafasi, aliyenipeleka, tarehe.

#11 ChaiYaSaaKumi
Daftari la kweli au la kwenye simu? Maana Stima ninavyomjua kwenye jukwaa hili, atakuwa amelipigia mistari ya rangi.

#12 StimaYaJua
La karatasi, na mistari ipo 😄

#13 Wakala_Kilimani
Stima amesema jambo la maana kuliko yote yaliyoandikwa hapa, pamoja na yangu. Naongeza moja. Kuna mawakala wanaoficha jina la mwajiri kwa sababu nzuri: mtu anayeondolewa bado yuko kazini na hajui. Hapo mwambie akupe jina kwa mdomo baada ya wewe kuahidi kutolitoa. Mwandikie pia barua pepe fupi: "Nakuruhusu kunipeleka kwa kampuni tuliyozungumza leo tu, kwa nafasi hiyo tu." Barua hiyo itakuokoa siku wawili wakianza kuvutana.

#14 DerevaWaTrela
Nyinyi wa ofisini mna bahati, wakala wenu halipwi na nyinyi. Huku kwetu niliingia ofisi moja karibu na River Road, ghorofa ya juu, viti vya plastiki, watu wamejaa. Wakaniambia nilipe 3,500 za "faili" kisha nifanyiwe vipimo vya afya kwa daktari wao. Simu ya kulipia ilikuwa ya mtu binafsi, si nambari ya biashara. Nikaondoka, lakini vijana niliowaacha pale walikuwa wakitoa pesa za mkopo. Iliniuma sana.

#15 Upepo_Rongai
Hiyo ni haramu moja kwa moja. Wakala haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi hata senti moja, dunia nzima.

#16 Sheria_Kwanza
Upepo, polepole. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani nambari 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema mawakala binafsi wasiwatoze wafanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma. Lakini kifungu hichohicho kinaruhusu nchi kulegeza katazo hilo kwa makundi fulani ya wafanyakazi na huduma fulani. Kwa hiyo "dunia nzima, hata senti" si sahihi.

Kwa hapa kwetu Kenya, Dereva, jambo la kwanza ni usajili. Mawakala binafsi wa ajira wanatakiwa kusajiliwa, na anayehusika ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Tovuti yao ina orodha ya waliosajiliwa. Tafuta jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye leseni, siyo kama lilivyoandikwa kwenye kibao cha mlangoni, na uangalie leseni inaisha lini. Jina lisipopatikana hapo, usiendelee hata kama ofisi ina kiyoyozi.

#17 Mama_Mboga_Kayole
Asante kwa hilo la NEA. Kijana wangu aliambiwa alete cheti cha polisi cha tabia njema, cha KRA (kodi), cha HELB (mkopo wa elimu ya juu), cha EACC (kupambana na rushwa) na cha mikopo kabla hata ya kuitwa mahojiano. Tukaanza na cha polisi, 1,050 hizo tayari. Hadi leo hajaitwa. Ni sawa kweli?

#18 Sheria_Kwanza
Mama, si sawa. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 kwa sababu ya kilio hichohicho. Mwajiri hatakiwi kudai vyeti hivyo kutoka kwa mtu anayeomba kazi mpaka awe na nia ya kuingia naye mkataba wa maandishi. Yaani kwanza umechaguliwa, ndipo vyeti. Mwambie kijana aandike kwa adabu: "Nitavileta mara nitakapopewa barua ya ajira." Na kile cha KRA cha kuonyesha amelipa kodi hupatikana bila malipo, asimlipe mtu wa saiba pesa nyingi kwa hicho.

#19 Mama_Mboga_Kayole
Mungu akubariki mwanangu. Nitamwonyesha.

#20 ChaiYaSaaKumi
Turudi kwa Hesabu. Hakuna aliyeuliza suala la mshahara. Dada, wakala alipokuuliza unataka kiasi gani ulisemaje? Mimi nadhani kimya kimetoka hapo. Mkuu wa fedha alikupenda, halafu HR akaona kiasi chako, wakatafuta wa bei nafuu.

#21 Hesabu_Umoja
Nilitaja laki moja na ishirini. Hati ya mshahara wa zamani inaonyesha chini ya hapo, na aliiomba mapema.

#22 Mpishi_Parklands
Hapo kwenye hati ya mshahara ndipo mawakala wanapotukamata. Ukimpa hati, umempa dari. Mimi nafanya kazi hotelini, na kila nilipoitoa mapema nilipewa nyongeza kidogo juu ya ile ya zamani, hata kama kazi mpya ilikuwa na watu wengi zaidi chini yangu. Siku hizi nasema: "Hati nitaileta wakati wa barua ya ajira. Kwa sasa nieleze mwajiri ametenga kiasi gani." Wengine hukasirika. Wengi hutaja.

Na uulize kama kiasi ni kabla ya makato au cha mkononi. Kuna NSSF ya uzeeni, NHIF ya matibabu, makato ya nyumba na kodi ya PAYE, mtu anapewa laki moja anafika nyumbani anashangaa.

#23 Binti_Ngara
NHIF ilishaondoka, Mpishi. Tangu Oktoba 2024 ni SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara wote, tena haina kikomo cha juu. Nyumba ni asilimia 1.5. Kwa laki moja hizo mbili peke yake ni 2,750 na 1,500, kabla NSSF haijagusa na kabla PAYE, ambayo kwa sehemu kubwa ya mshahara wa kiwango hicho ni asilimia 30.

#24 Mpishi_Parklands
Kweli, SHIF. Midomo yetu bado imezoea ya zamani. Hoja inabaki: taja kiasi kabla ya makato, na uandike hivyo.

#25 Wakala_Kilimani
Sikubaliani na Mpishi kwa jambo moja. Ukikataa kabisa kutaja kiasi, wakala mwenye haraka anakuruka, maana mwajiri amemwambia asilete mtu nje ya bajeti. Taja upeo: "Kati ya kiasi fulani na fulani kabla ya makato, kutegemea majukumu na bima." Hati ya mshahara unaweza kuichelewesha, kiasi unachotaka usikifiche. Na usiseme uongo kuhusu ulichokuwa unapata, kwa sababu kuna waajiri watakaodai hati siku ya mwisho na barua itafutwa.

Na tarehe ya kuanza pia. Wapo wanaosema "naweza kuanza kesho" huku wako kazini. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi ya siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Sema ukweli. Mwajiri makini akisikia utamwacha wa sasa bila notisi, anajua utamfanyia na yeye vivyo hivyo.

#26 Mzee_wa_Faili
Nimewasoma wote. Mimi nina zaidi ya miaka hamsini na nilikuwa meneja wa ghala. Mawakala wananiambia CV yangu "ina uzito sana". Maana yake ninaijua. Kuna aliyeniambia waziwazi mwajiri anataka mtu chini ya miaka thelathini na mitano. Sheria ya Ajira si inakataza ubaguzi wa umri?

#27 Sheria_Kwanza
Shikamoo mzee. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi: rangi, jinsia, dini, asili ya kabila, ulemavu, ujauzito, hali ya HIV na mingine. Umri haukutajwa katika orodha ile. Lakini Katiba ya 2010, ibara ya 27(4), inautaja umri waziwazi. Kwa hiyo msingi wa kulalamika upo, ila ni wa kikatiba. Shida ni ushahidi. Waliyokwambia kwa simu hayaonekani popote. Ukipata kwa maandishi, yahifadhi.

#28 Mzee_wa_Faili
Marahaba. Asante.

#29 Wakala_Kilimani
Mzee, naomba nikushauri jambo la vitendo. Usiende kwa wakala anayeshughulikia kila kitu kuanzia wapishi hadi wahandisi. Tafuta wale wanaoshughulika na ghala na usafirishaji tu. Wao wanamjua meneja wa shughuli kwa simu yake, na meneja huyo anataka mtu atakayezuia mzigo kupotea mwezi wa kwanza. Anayechujwa na umri kwa kawaida huchujwa na karani mwenye orodha, siyo na mwenye shida. Kwenye CV, kazi za zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita ziweke mstari mmoja mmoja, na juu kabisa weka ulichookoa: upotevu wa bidhaa uliopungua, idadi ya watu uliowasimamia.

#30 DerevaWaTrela
Wakala, na huku kwetu ambako wakala ndiye mwajiri? Sisi madereva wengi barua ya ajira ina jina la wakala, lakini gari, safari na mkubwa wa kufokea ni wa kampuni nyingine. Mshahara ukichelewa, kampuni inasema muulize wakala. Wakala anasema kampuni haijalipa.

#31 Sheria_Kwanza
Hao ni wa aina nyingine, Dereva, na ni vizuri umelileta kwa sababu watu huwachanganya. Wa #5 hukutafutia kazi kisha anaondoka. Huyu wako anakuajiri yeye mwenyewe na kukukodisha. Kabla ya kutia sahihi angalia mambo haya: jina la mwajiri kwenye mkataba, nani anapeleka NSSF na SHIF yako, na mkataba unaisha lini. Kila mwezi angalia michango yako kama imefika, usingoje mwisho wa mwaka.

#32 Upepo_Rongai
Na muda wa majaribio usizidi miezi mitatu, wengi wanadanganywa hapo.

#33 Sheria_Kwanza
Upepo, ndugu yangu, leo umeamka na sheria zako 😊 Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira kinasema miezi sita, na unaweza kuongezwa kwa makubaliano ya mfanyakazi, jumla isizidi miezi kumi na miwili. Mitatu ni mazoea ya kampuni nyingi, siyo ukomo wa sheria.

#34 Upepo_Rongai
Nimepokea. Lakini hoja yangu ya #2 sijaiacha.

#35 Kanga_Buluu
Kuna anayejua mawakala wa kazi za Ghuba walio sawa? Dada yangu anataka Qatar.

#36 Msimamizi
Kanga, kuna uzi mwingine wa kazi za ng'ambo, tafadhali peleka swali kule ulipate jibu kamili. Hapa tubaki na kazi za nyumbani. Kwa sasa aanze na orodha ya NEA iliyotajwa #16.

#37 StimaYaJua
Swali kwa Sheria. Mwajiri wangu wa zamani anakataa kuwa mrejelewa wangu, yaani mtu wa kunishuhudia kwa mwajiri mpya. Wakala anataka warejelewa watatu na wa mwisho lazima awe mkubwa wangu wa kazi. Je, naweza kumlazimisha?

#38 Sheria_Kwanza
Kukusifu huwezi kumlazimisha. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinasema lazima akupe cheti cha utumishi kazi inapoisha, ikiwa ulifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi: jina lake, jina lako, ulianza lini, kazi gani, iliisha lini. Lakini kifungu hichohicho kinasema hafungwi kutoa maoni kuhusu tabia wala utendaji wako. Mpe wakala cheti hicho pamoja na mteja au mkaguzi uliyefanya naye kazi kwa karibu.

#39 Mpishi_Parklands
Na usimpe wakala nambari za warejelewa siku ya kwanza! Kuna wakala aliyewapigia warejelewa wangu, na mazungumzo yakawa ni kuwauzia huduma zake: "Kwani hapo kwenu hamtafuti wafanyakazi?" Mkubwa wangu wa zamani alinipigia akiwa amekasirika. Siku hizi naandika kwamba warejelewa watapatikana mahojiano ya mwisho yakishafanyika.

#40 Binti_Ngara
Hilo la Mpishi ndilo linalonikera kuliko yote. Taarifa zetu zinazungushwa tu. Nilishapigiwa na mtu nisiyemjua kabisa akiwa na nakala ya kitambulisho changu.

#41 Sheria_Kwanza
Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza wana taarifa gani zako, wamezipata wapi, na kutaka zirekebishwe au zifutwe. Mwandikie wakala kwanza. Asipojibu, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko. Na nakala ya kitambulisho haihitajiki kabisa kwa ajili ya kukutafutia mahojiano, hiyo ni ya siku ya mkataba.

#42 Hesabu_Umoja
Nimerudi. Asanteni nyote, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia.

Nilimuuliza wakala wa Upper Hill jina la kampuni yake ya "bidhaa za nyumbani". Si ile niliyohojiwa. Kwa hiyo maelezo ya Stima hayakuwa yangu, ingawa daftari nimeshaanza.

Yule wa Westlands nilimtumia ujumbe kama wa #7, ndiyo au bado. Alijibu kabla ya chakula cha mchana: "Bado. Mwajiri amesitisha mpaka bajeti mpya." Nikamuuliza bajeti mpya ni lini, akasema Julai.

#43 Upepo_Rongai
Mnaona sasa? Bajeti! Nafasi haikuwepo.

#44 ChaiYaSaaKumi
Nafasi iliyositishwa ni nafasi iliyokuwepo, Upepo. Kampuni ambayo mwaka wake wa fedha huanza Julai inaweza kweli kufunga mlango robo ya mwisho.

#45 Binti_Ngara
Lakini kampuni binafsi nyingi mwaka wao wa fedha ni Januari hadi Desemba. Wa Julai ni serikali na mashirika yake, na baadhi ya kampuni. Hesabu, wewe ni mhasibu, hiyo unaweza kuijua. Kampuni hiyo inafunga hesabu lini?

#46 Hesabu_Umoja
Desemba. Mkuu wa fedha mwenyewe alisema kwenye mahojiano kwamba anamtaka mtu wa kushughulika na wakaguzi mwanzoni mwa mwaka.

#47 Wakala_Kilimani
Basi hilo la Julai lina kitu ndani yake. Huenda wa kwanza amekubali na wakala anakushikilia akiba. Huenda makao makuu yako nje na kalenda yao ni tofauti. Huenda wakala amebuni tarehe ili upumzike kumwandikia. Sijui, na wewe huwezi kujua ukiwa nje. Mkuu wa fedha alikusindikiza hadi kwenye lifti. Mwandikie yeye moja kwa moja LinkedIn, mistari miwili ya kumshukuru kwa mazungumzo. Usitaje mshahara, usiulize matokeo, usimruke wakala kwa kuomba nafasi. Ila mwache alikumbuke jina lako.

#48 Mpishi_Parklands
Wakala, hiyo si kumruka wakala kwa mlango wa pembeni?

#49 Wakala_Kilimani
Kushukuru si kuruka. Kuruka ni kusema "niajiri mimi, tusimhusishe." Hapo mwajiri anaweza kujikuta anadaiwa ada kwa sababu wakala ndiye aliyekutambulisha kwanza, na atakuacha ili kuepuka shida, kama ilivyompata Stima.

#50 Mzee_wa_Faili
Nimewasiliana na wakala wa mambo ya ghala kama nilivyoshauriwa #29. Ameniomba CV ya Word, hataki PDF. Kwa nini? Nahofia atabadilisha maneno yangu.

#51 Wakala_Kilimani
Mzee, huwa tunaondoa nambari ya simu na barua pepe na kuweka nembo yetu, ili mwajiri asimpigie mtu moja kwa moja. Ndiyo sababu ya Word. Lakini hofu yako ina haki. Mwambie akutumie nakala ya mwisho kabla haijaenda. Na usitumie jedwali wala safu mbili, maana kuna programu za kuchuja ambazo hukosea kusoma vitu hivyo.

#52 Hesabu_Umoja
Nimemwandikia mkuu wa fedha. Mistari miwili kama ulivyosema.

#53 Kanga_Buluu
Samahani kwa kuuliza tena, safari hii ni la nyumbani. Mimi mwenyewe ni mtaalamu wa maabara. Wakala aniombe nini, na mimi nimpe nini? Hospitali binafsi zinatumia mawakala?

#54 Wakala_Kilimani
Baadhi hutumia, hasa kwa nafasi za usimamizi. Kwako kitu cha kwanza ni leseni ya Bodi ya Wataalamu wa Maabara, KMLTTB. Andika nambari na mwaka wake kwenye ukurasa wa kwanza wa CV, juu ya elimu. Kisha orodhesha mashine unazoziendesha kwa majina, maana hospitali ikituma ombi kwa wakala huwa inataja mashine. Kwa nafasi za serikali, wakala hahusiki kabisa: fuatilia matangazo ya Tume ya Utumishi wa Umma, ya bodi za kaunti na ya gazeti la MyGov.

#55 Kanga_Buluu
Leseni yangu ni ya mwaka uliopita, naihuisha wiki hii. Nimpelekee wakala CV sasa au nisubiri?

#56 Wakala_Kilimani
Subiri. Wa hospitali huangalia hilo kabla ya jina lako.